Hedifoni za kuzuia kelele: namna ya kuishi nazo na vituko vyake

Hedifoni ghali zisizo na waya, za aina ya Sony WH-1000XM5, Bose QuietComfort au AirPods Max, zina maikrofoni kadhaa, chipu ya kuchakata sauti, redio ya Bluetooth na betri, vyote vimebanwa ndani ya vikombe viwili vya masikio. Ndiyo maana zina vituko vingi kuliko hedifoni za waya. Lakini vituko hivyo si vya kubahatisha. Malalamiko mengi yanatokana na moja kati ya mambo mawili: ama sponji, ule mto laini unaozunguka sikio, haijaziba sawasawa, ama Bluetooth imezidiwa. Ukishajua tatizo lako liko upande upi, mara nyingi utalimaliza mwenyewe kwa dakika chache.

Kwanza, jua zinazuia nini

Maikrofoni zilizo nje ya kikombe husikiliza kelele inayokuja. Chipu huitengenezea wimbi lililopinduliwa, linalopanda pale kelele inaposhuka na kushuka pale inapopanda, kisha spika hulicheza pamoja na muziki wako. Mawimbi hayo mawili yakikutana sikioni, yanauana. Maikrofoni nyingine, iliyo ndani ya kikombe, hukagua kilichobaki na chipu hurekebisha.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1936, enzi ambazo hapakuwa na kifaa chenye kasi ya kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, alikuwa ndegeni akirudi kutoka Ulaya, akakuta muungurumo wa injini unameza muziki wa hedifoni alizopewa. Akaanza kupiga hesabu humo humo. Kampuni yake ikaja kuwauzia marubani hedifoni za kuzuia kelele mwaka 1989. Nimeitaja historia hii kwa sababu kazi iliyozizaa hedifoni hizi ndiyo zinayoiweza zaidi mpaka leo: muungurumo mzito, usiokatika, usiobadilika ghafla. Injini ya ndege au basi, feni, kiyoyozi, jenereta, friji.

Sauti za juu na za kushtukiza ni habari nyingine. Mawimbi yake ni mafupi, hivyo chipu ikichelewa kidogo tu, wimbi la kufuta halikutani na lile linalofutwa. Mtoto anayelia, sahani zinazogongana, watu wanaoongea: hizi hupunguzwa na unene wa sponji kuliko na chipu. Tena kuna jambo linalowashangaza wengi siku ya kwanza. Muungurumo ukiondoka, maneno ya aliye karibu nawe huweza kusikika wazi zaidi kuliko ulipokuwa bila hedifoni, maana kilichokuwa kinayafunika hakipo tena. Hedifoni si mbovu. Weka muziki kwa sauti ya chini, au sauti ya mvua inayonyesha, na maneno yatafifia.

Ziba sikio kwanza, mengine baadaye

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili. Sauti nzito hupenya kwenye upenyo mdogo sana, na upenyo huo huo ndio unaovujisha besi ya muziki wako. Fanya hivi:

1. Kaa karibu na feni au chochote kinachounguruma. Vaa hedifoni bila muziki, washa kizuia kelele, ukiweke kwenye nguvu ya juu kabisa.
2. Shika kingo za vikombe vyote viwili, uvisukume taratibu kuelekea kichwani. Usiweke viganja juu ya vitundu vya maikrofoni, maana utapata mlio badala ya jibu.
3. Sikiliza. Muungurumo ukipungua unaposukuma na kurudi unapoachia, kuna mahali panapovuja.
4. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wa sponji: anzia juu ya sikio, teremka nyuma yake, malizia chini ya ndewe. Utaupata upenyo, na aghalabu uko nyuma ya taya, chini kidogo ya sikio, au pale mguu wa miwani unapopita.

Kama ni miwani, pandisha miguu yake kidogo ili ipite juu ya sikio badala ya kukata katikati ya sponji. Fremu yenye miguu myembamba ya chuma huvujisha kidogo kuliko ya plastiki pana. Kama ni misuko au rasta, zigawe zipite mbele na nyuma ya kikombe, zisilale chini yake. Hereni kubwa zivue. Kofia au mtandio usikae kati ya sponji na ngozi. Vaa hedifoni kwanza, kisha kitambaa kije juu, ila uangalie kisizibe maikrofoni za nje. Halafu rekebisha upinde wa kichwani kila upande peke yake. Watu wengi masikio yao hayako kwenye kimo kimoja, na hakuna sheria inayosema pande mbili za upinde lazima zilingane.

Ukiona besi imepungua upande mmoja, usikimbilie ekwalaiza, yaani vidhibiti vya besi na sauti za juu. Rudia hatua ya pili kwanza.

Kuna mlio mwembamba kama wa filimbi unaotokea ukiegemeza kichwa kwenye mto au ukikumbatia kikombe kwa mkono. Hapo maikrofoni imeanza kuisikia spika yake yenyewe. Ukiondoa mkono, mlio unakwisha. Mlio ukitokea bila kuguswa, kagua mambo mawili: je, sponji imekaa kwenye vibanio vyake pande zote? Je, vitundu vya maikrofoni vina vumbi au jasho lililokauka? Vitundu hivyo visafishe kwa brashi laini na kavu. Usichokoe kwa sindano, na usipulizie hewa ya mkebe.

Sponji zenyewe huchakaa kuliko sehemu nyingine yoyote. Ngozi bandia hunyauka kwa jasho na mafuta ya nywele, ikaanza kumomonyoka vipande vyeusi shingoni, na povu la ndani hulegea lisirudi kwenye umbo lake. Siku hiyo watu husema kizuia kelele kimeharibika, au wanalilaumu sasisho la mwisho la programu ya hedifoni. Kabla ya kuamini hivyo, badilisha sponji. Kwenye modeli nyingi hutoka kwa kuvutwa taratibu. Za AirPods Max zimeshikwa kwa sumaku. Hapa sishauri kubana matumizi: sponji za kuiga hutofautiana unene na ugumu na zile za asili, na chipu imepangiwa hesabu za sponji za asili. Nyingine zinabadilisha sauti kabisa.

*Hisia ya masikio kuziba.* Baadhi ya watu, wakiwasha kizuia kelele, husikia kama wamepanda mlima au ndege inashuka. Hakuna hewa inayosukumwa ndani ya sikio. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba ubongo, ukikosa ghafla sauti nzito ulizozizoea, huchukulia kwamba kuna tofauti ya mgandamizo. Kama inakusumbua, anza na kiwango cha chini cha kizuia kelele kwenye programu ya simu, uwe na muziki kidogo, na uvae kwa vipindi vifupi mpaka uzoee. Kuna wasiozoea kabisa. Hao nawashauri hedifoni zenye sponji nene zisizo na kizuia kelele, na wasijilazimishe.

*Vishindo.* Ukitembea utasikia kisigino chako kikigonga ndani ya kichwa. Mshindo huo unapita mifupani, hauji kwa hewa, na hakuna maikrofoni ya nje inayoweza kuuwahi. Gari likiruka shimo, au mtu akifunga mlango kwa nguvu, unaweza kusikia mdundo au mkwaruzo mfupi: ni wimbi zito lililoizidi nguvu spika. Haviashirii ubovu.

*Upepo.* Upepo ukipiga maikrofoni za nje, chipu huuchukulia kama kelele na kujaribu kuufuta, na wewe unasikia vurumai. Tafuta hali ya kupunguza upepo kwenye programu. Kama haipo, zima kizuia kelele mpaka utakapoingia ndani. Mvumo mwembamba unaosikika kwenye chumba kimya kabisa nao ni wa maikrofoni na vikuza sauti. Chumba kikiwa kimya namna hiyo, kizuia kelele hakina kazi. Kizime uokoe betri.

Bluetooth na vifaa viwili

Hedifoni nyingi za daraja hili hushika vifaa viwili kwa pamoja, tuseme simu na kompyuta. Hapo ndipo vurugu huanzia: unatazama video kwenye kompyuta, simu inatoa mlio wa ujumbe, video inakatika sauti. Kifaa kimoja tu ndicho kinachocheza kwa wakati mmoja, na mlio wowote mdogo unaweza kukinyang'anya kingine nafasi. Zima milio ya ujumbe kwenye simu unapofanya kazi, au zima sauti za vibonye. Ukiwa na kifaa cha tatu, usitegemee hedifoni ikihamie yenyewe. Kata kwanza kimoja kati ya viwili vilivyopo. Mimi naona ni heri kuwa na vifaa viwili vya kudumu na vingine vyote kuvifuta kwenye orodha.

Sasa tuje kwenye mikutano ya mtandaoni, kwa sababu watu wengi wanateseka bure. Umevaa hedifoni za bei mbaya, muziki ni mzuri ajabu, unaingia kwenye mkutano na ghafla kila kitu kinasikika kama simu ya kukoroga. Bluetooth ya kawaida ina njia moja ya muziki, yenye sauti pana ya stirio (kushoto na kulia) lakini inayokwenda tu kutoka kifaa hadi hedifoni, na njia nyingine ya mazungumzo, inayokwenda na kurudi lakini nyembamba. Programu ya mkutano ikifungua maikrofoni ya hedifoni, mnahamia njia ya pili. Sauti inachukuliwa mara 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde, wakati muziki wa CD hutumia mara 44,100, na pande za kushoto na kulia zinakuwa sauti moja. Tiba ni hii:

1. Fungua mipangilio ya sauti ya kompyuta kabla mkutano haujaanza.
2. Kwenye sehemu ya kutoa sauti, chagua hedifoni.
3. Kwenye sehemu ya kuingiza sauti, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, au ya nje kama unayo.
4. Rudia uchaguzi huo huo ndani ya programu ya mkutano. Programu hizi zina mipangilio yake na mara nyingi hazifuati ya kompyuta.
5. Kama hedifoni imeorodheshwa mara mbili, jambo la kawaida kwenye Windows za nyuma kidogo, chagua ile ya stirio na uiache ile ya mazungumzo.

Sauti itarudi papo hapo, na wenzako pia watakusikia vizuri zaidi kama kompyuta yako ina maikrofoni nzuri na uko chumba kimya. Ukiwa mahali penye kelele, geuza: tumia maikrofoni ya hedifoni na uvumilie sauti nyembamba, kwa sababu hiyo imeundwa kuifuata sauti yako na kuacha ya wengine. Teknolojia mpya ya LE Audio inaondoa mgawanyo huu, mradi hedifoni na kompyuta vyote viwili viwe nayo.

Kuhusu kodeki, yaani namna ya kubana sauti ili ipite kwenye Bluetooth, sitakaa sana. SBC iko kila mahali, iPhone hutumia AAC, na simu nyingi za Android zina LDAC inayoweza kufika kilobiti 990 kwa sekunde. LDAC ikiwa kwenye kiwango chake cha juu hula betri zaidi na hukatika kwa urahisi kwenye umati. Mahali penye watu wengi chagua uthabiti wa muunganisho. Tofauti ya AAC na LDAC ni ndogo ukiilinganisha na ile inayoletwa na upenyo wa mguu wa miwani.

Sauti kuchelewa: programu nyingi za video huichelewesha picha ili vilingane, kwa hiyo hutaona kitu. Michezo na ala za muziki haziwezi kufanya hivyo. Ukipiga kinanda au ukicheza mchezo wa kasi, chomeka waya.

Na kukatika-katika? Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, pamoja na Wi-Fi nyingi na oveni za maikrowevu, na mwili wa binadamu, wenye maji mengi, huyameza mawimbi hayo. Simu iliyo mfuko wa nyuma upande wa kushoto, wakati antena iko kikombe cha kulia, inalazimika kukupenya wewe mwenyewe. Hamisha simu upande wa pili au mfuko wa mbele kabla hujafanya lingine lolote. Kwenye kompyuta, diski ya nje ya USB 3 iliyochomekwa karibu na kipokezi cha Bluetooth nayo hutoa mawimbi yanayoingilia masafa hayo. Isogeze mbali kwa waya mrefu kidogo. Hedifoni ikigoma kabisa kuungana, ifute kwenye simu *na* ufute simu kwenye hedifoni, kisha uunganishe upya. Kufuta upande mmoja tu ndiko kunakowazungusha watu.

Zima usichokihitaji

Hedifoni hizi huja na vipengele vingi vimewashwa. Kuna kinachosimamisha muziki ukianza kuongea, nacho hukisikia hata kikohozi na wimbo unaouimba chini chini. Kuna kinachosimamisha muziki ukizivua, ambacho huchanganywa na nywele au kofia. Kuna mguso wa pembeni, unaoruka wimbo ukirekebisha tu kikombe kwa kidole, au ukilalia ubavu.

Ushauri wangu: siku ya kwanza zima vyote vitatu, kisha washa kimoja kimoja kwa siku kadhaa kila kimoja. Kile usichokikumbuka kikiwa kimezimwa, kiache hivyo. Kinachostahili kubaki ni ile hali ya kusikia nje, inayokuruhusu kuongea na mtu bila kuzivua. Jifunze kibonye au mguso wake mpaka mkono uukumbuke. Barabarani hali hiyo si ya hiari. Kizuia kelele hufuta kwanza sauti ya injini, ambayo ndiyo inayokuambia kwamba kuna gari nyuma yako.

Betri, jasho na waya wa akiba

WH-1000XM5 hutoa hadi saa 30 kizuia kelele kikiwa kimewashwa, na nyingine za daraja lake haziko mbali sana. Betri ya lithiamu huchoshwa na joto na kukaa tupu au ikiwa imejaa kwa muda mrefu. Usiziache ndani ya gari juani. Kama hutazitumia kwa wiki kadhaa, ziweke zikiwa na chaji ya nusu hivi. Angalia pia kama modeli yako inaweza kutumika ikiwa kwenye chaji; XM5 haiwezi, kwa hiyo chaji kabla ya mkutano mrefu, si wakati wa mkutano.

Waya uwe kwenye kasha siku zote. Betri ikiisha, nyingi zitaendelea kucheza kwa waya bila kizuia kelele, ingawa sauti itakuwa imepooza kwa kuwa chipu haiirekebishi tena. AirPods Max ni tofauti: bila chaji hazitoi sauti hata kwa waya. Kwenye ndege zenye skrini za viti, waya huo ndio utakaokuunganisha na filamu, na baadhi ya viti vya zamani huhitaji adapta ya pini mbili.

Nyingi kati ya hizi hazina kinga iliyothibitishwa dhidi ya maji. Kwa mazoezi ya jasho tumia nyingine. Zikilowa jasho, zifute kwa kitambaa kikavu, ziache wazi zikauke, ndipo zirudi kwenye kasha. Ukizifungia zikiwa na unyevu, sponji zitanuka na vitundu vitaziba. Usitumie spiriti kwenye ngozi bandia. Na tazama bawaba: XM5 hazikunjiki, vikombe hugeuka tu vikalala bapa, na anayelazimisha atazivunja.

Sauti kiasi gani

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na kwa watoto desibeli 75. Kila desibeli inayoongezeka inapunguza saa hizo kwa kasi. Hapa ndipo kizuia kelele kinapokulipa: kwenye basi, washa kizuia kelele kwanza, subiri kidogo masikio yatulie, ndipo upandishe sauti kutoka chini. Anayewasha muziki kwanza huishia juu zaidi. Simu nyingi zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti. Kiweke, hasa kama hedifoni zinatumiwa na mtoto.

Sasisho, na zikigoma

Sasisho hurekebisha muunganisho, na mara nyingine hubadilisha sauti. Lifanye betri ikiwa imejaa zaidi ya nusu, simu ikiwa karibu, na usiguse kitu hadi liishe. Usilifanye usiku wa kuamkia safari.

Tatizo likibaki baada ya sasisho, ziunganishe na simu ya mtu mwingine. Likiondoka, shida iko kwenye simu yako. Likibaki, zirudishe kwenye hali ya kiwandani kufuatana na kijitabu chake, uziunganishe na kifaa kimoja pekee, ujaribu tena bila programu ya kampuni. Likiwa bado lipo, chomeka waya. Sauti ikiwa safi kwa waya, mwambie fundi aangalie redio na betri; ikikwaruza hata kwa waya, mwambie aangalie spika ya upande huo. Nenda na risiti, waya wa chaji na video fupi ya tatizo lenyewe, kwa sababu vituko vya Bluetooth vina tabia ya kutulia pale mezani kwa fundi.